Milt Stegall wa Winnipeg: maswali mnayoniuliza kila siku na majibu yake

Nimekaa Winnipeg tangu 2004 na kila nikirudi nyumbani likizo nimevaa jezi ya bluu namba 85 maswali ni yaleyale, huyo nani, hiyo timu ya mchezo gani, mbona Kanada tunaijua kwa hoki tu na barafu. Binamu zangu wa Tanga wanauliza, shemeji zangu wa Bukavu nao wanauliza, nikashindwa kurudia rudia nikaona bora niyaweke yote pamoja. Mengine nimejibu kwa kifupi, mengine nimeachia moyo useme kwasababu huyu jamaa nampenda kweli.

Milt Stegall ni nani hasa?

Ni risiva (mdakaji wa mipira) wa zamani wa Winnipeg Blue Bombers, timu ya ligi ya futiboli ya Kanada inayoitwa CFL. Mmarekani, kazaliwa Cincinnati, Ohio, Januari 1970. Alicheza Winnipeg kuanzia 1995 mpaka 2008, misimu 14, timu moja tu hiyohiyo ya Kanada hajawahi kuvaa jezi nyingine kule. Anapostaafu alikuwa anaongoza ligi nzima kwa tachidauni, yaani mabao yao, na kwa yadi za kudaka, yaani umbali aliosogeza mpira kwa kudaka. Aliingizwa kwenye jumba la heshima la futiboli ya Kanada 2012.

Na hakuwahi kuchukua kombe hata moja. Hilo tutalifikia.

Hiyo futiboli ya Kanada si ndo ileile ya Wamarekani?

Ni ndugu wa tumbo moja lakini tabia tofauti. Kofia ngumu zile zile, mabega yale yale, mpira wa yai, kugongana kama kawaida. Ila Kanada wanacheza watu 12 kila upande, Marekani 11. Uwanja wa Kanada una urefu wa yadi 110 na upana 65, yaani kama mita 100 kwa 59, na nyuma ya kila mstari wa goli kuna eneo la yadi 20 la kufungia. Marekani ni yadi 100 kwa 53 na kidogo.

Kubwa zaidi ni hili. Marekani timu inapewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10, Kanada wanapewa matatu tu. Sasa piga hesabu mwenyewe, jaribio la tatu mara nyingi unaupiga mpira mbali kwa mguu ili adui aanzie kwao, kwahiyo kiukweli una mawili ya kufanya kitu, ukikimbia na mpira ukapata yadi mbili umeshajiharibia. Ndo maana Kanada mpira unarushwa sana hewani, na ndo maana risiva kule ni mfalme.

Kama umezoea raga ya Kenya na Uganda, tachidauni ni kama trai, tofauti yake huhitaji kuugusisha chini, ukiingia nao tu au ukaudakia mle ndani imehesabiwa, pointi 6.

Risiva kazi yake nini? Anakimbia tu?

Anakimbia ramani. Kabla mpira haujaanza kila risiva anajua njia yake, nenda yadi 12 kata kulia, au nenda moja kwa moja mpaka pumzi iishe, na kwotabeki, yule mrushaji, anarusha mpira pale utakapokuwa, wakati mwingine wewe hata hujageuka. Ukichelewa nusu sekunde mpira unadakwa na beki na watu elfu thelathini wanakuangalia wewe.

Kanada kuna utamu mmoja Marekani hawana. Risiva wanaruhusiwa kuanza kukimbia kwenda mbele kabla mpira haujaanzishwa, mradi tu wasivuke mstari, kwahiyo unamuona mtu anatoka nyuma huko anakuja kasi na mpira unaachiwa akiwa ameshachanganya, beki amesimama wima anamsubiri. Marekani mmoja tu ndo anaruhusiwa kutembea wakati huo na haruhusiwi kwenda mbele. Stegall alikuwa anacheza ile nafasi ya ndani, sio pembeni kabisa kwenye chaki, kwahiyo hiyo mbio ya kuvizia ilikuwa silaha yake. Ukiangalia video zake za zamani usiangalie mpira, mwangalie yeye zile sekunde mbili kabla. Anakuja taratibu kama mtu anayeenda dukani, halafu ghafla anafyatuka.

Alifikaje Kanada?

Alisoma na kucheza Chuo Kikuu cha Miami, na hii Miami iko Ohio sio ile ya Florida, watu wengi wanachanganya. Alipomaliza 1992 hakuna timu ya NFL, ile ligi kubwa ya Marekani, iliyomchagua, akaingia mlango wa nyuma akasajiliwa na Cincinnati Bengals, timu ya kwao. Akakaa misimu mitatu mpaka 1994 na mpira wa kudaka hakuupata wa maana, alikuwa anatumika zaidi kwenye vikosi maalum, kurudisha mipira inayopigwa na kukimbiza watu. 1995 akajaribu Green Bay Packers haikuwa. Katikati ya msimu huohuo akapanda kwenda Winnipeg.

Fikiria hapo. Una miaka 25, ndoto ya ligi kubwa imekataa, unakwenda mji ambao mwezi wa kumi na moja kope zako zinashikana kwa barafu ukifumba macho (nasema kitu nilichokiona kwa macho hayahaya), hela ya kule ni ndogo mno ukilinganisha na NFL, na hakuna mtu anakujua. Wengi wanakwenda CFL wakiwa na begi moja halijafunguliwa, akili iko nyumbani, wanasubiri simu. Huyu alilifungua begi akakaa miaka 14. Sisi tuliokuja huku tukisema ni miaka miwili tu nikusanye hela nirudi, tunaelewa hiyo habari vizuri.

Msimu wake bora ni upi?

Watu wanabishana kati ya 1997 na 2002.

1997 alidaka mara 61 tu lakini yadi 1,616. Gawa hapo, ni yadi 26 na nusu kila anapodaka! Risiva mzuri akipata wastani wa 15 anasifiwa. Yaani kila mpira uliomfikia ulikuwa unakwenda robo ya uwanja.

2002 alidaka mara 106, yadi 1,862, tachidauni 23. Hizo 23 ni rekodi ya msimu mmoja kwenye ligi, na msimu una mechi 18, kwahiyo alikuwa anafunga zaidi ya moja kila mechi. Mwaka ule wakampa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Aliyekuwa anamrushia ni Khari Jones, ambaye mwenyewe alikuwa ameichukua tuzo hiyohiyo mwaka mmoja kabla. Mimi nachagua 2002, ila mtu akiniambia 1997 simkatalii.

Hebu tuambie ile mechi ya Edmonton, kila mtu anaitaja

Sasa hapa ngoja nikae vizuri.

Tarehe 20 Julai 2006, uwanja wa Commonwealth, Edmonton. Wenyeji (siku hizi wanaitwa Elks) wanaongoza 22 kwa 19. Zimebaki sekunde 4. Winnipeg wana mpira lakini uko kwenye yadi ya 10 ya kwao wenyewe, yaani mgongo uko ukutani, mbele kuna yadi 100 mpaka mstari wa goli. Na ni jaribio la tatu. Ukiupiga kwa mguu mechi imeisha umefungwa. Ukirusha ukakosa imeisha. Ukirusha ukadaka ukaangushwa popote pale, imeisha vilevile.

Mimi usiku ule sikuwa naujua mchezo. Nilikuwa naosha vyombo kwenye jiko la hoteli moja, mpishi wetu mkuu mzee wa Kifilipino alikuwa na redio kadogo juu ya friji, ana mapenzi na Bombers sijawahi kuona, na kule Winnipeg usiku ulikuwa umeshaenda maana saa zao na Edmonton zinapishana. Ziliposomwa hizo sekunde 4 mzee akanyanyua mkono kuizima, mkono una unga mpaka kwenye kiwiko. Kidole kiko kwenye kitufe kabisa. Sijui kwanini hakubonyeza.

Kwotabeki wa Winnipeg, Kevin Glenn, akarudi nyuma akaurusha mbali kwa nguvu zote. Stegall akaupata katikati ya uwanja huko, yuko mbioni, akaendelea nao hakuna aliyemgusa, saa imeshaisha mpira bado unachezwa, miguu ya mtu wa miaka 36 inakimbiza mabeki ambao wengine wangeweza kumwamkia. Tachidauni. 25 kwa 22. Mtangazaji redioni alikuwa anapiga kelele mpaka sauti inakatika nami sielewi neno hata moja, mzee kaniwekea unga mashavuni pande zote mbili akinishika uso, analia, ananiambia yadi mia, yadi mia, kijana unajua maana yake yadi mia?

Sikujua. Jumamosi ile alinipeleka kwake akanionyesha kwenye televisheni, akairudisha mara tano, kila mara anasimamisha pale mpira unapotua mikononi. Ndo nilivyouanza huu mchezo. Wakanada wengi mpaka leo ukiwauliza tukio kubwa kuliko yote kwenye historia ya CFL watakutajia hilo.

Kwanini ilikuwa yadi 100 na sio 110 kama uwanja ni 110?

Kwasababu mpira ulianzia yadi ya 10. Umbali unapimwa kutoka pale mpira ulipoanzishwa mpaka mstari wa goli. Na Marekani huwezi kabisa kudaka mpira wa yadi 100 kwenye mchezo wa kawaida, mwisho wao ni 99, uwanja hautoshi.

Hapa nina donge kidogo. Septemba 2025 ligi ilitangaza kwamba kuanzia 2027 uwanja utapunguzwa uwe yadi 100, na maeneo ya kufungia yashuke kutoka 20 mpaka 15. Wana sababu zao, wanataka tachidauni ziwe nyingi. Lakini tukio kama lile la Stegall halitawezekana tena, ardhi yenyewe itakuwa haipo, na mimi hilo linaniuma.

Namba zake za jumla zikoje?

Mechi 199. Mara alizodaka 854. Yadi 15,153. Tachidauni 147, na 144 kati ya hizo ni za kudaka.

Rekodi ya tachidauni kabla yake ilikuwa 137, walikuwa wameishika wawili, George Reed na Mike Pringle, na hao wote walikuwa wakimbiaji, watu wanaopewa mpira mkononi mara ishirini kwa mechi. Risiva anasubiri aletewe. Kuwapita wakimbiaji kwa kudaka tu ni kama winga awe mfungaji bora wa muda wote. Aliwapita 2007.

Mbona hakuchukua kombe?

Grey Cup ndo kombe lenyewe, fainali moja tu kila Novemba. Alifika fainali mara mbili na zote zinauma kwa namna yake.

Ya kwanza 2001, Montreal. Bombers walikuwa moto, walimaliza msimu na ushindi 14 na kufungwa 4. Wapinzani Calgary walishinda 8 wakafungwa 10, yaani timu iliyofungwa zaidi ya ilivyoshinda. Kila mtu alijua kombe linakuja Winnipeg. Calgary wakashinda 27 kwa 19. Fainali moja haijali ulifanya nini tangu mwezi wa sita.

Ya pili 2007 ndo inayonitoa usingizi maana hiyo niliishi nayo. Nusu fainali kule Toronto Bombers wameshinda, furaha, lakini kwenye mechi hiyohiyo Kevin Glenn, yule yule wa yadi 100, kavunjika mkono. Wiki moja baadaye fainali, hapohapo Toronto, dhidi ya Saskatchewan ambao ni majirani na watani wetu, na anayeanza ni kwotabeki wa akiba Ryan Dinwiddie, ambaye hakuwahi kuanza mechi ya CFL maishani. Kijana alipambana na sitamlaumu mpaka nakufa. Ila beki mmoja wa Saskatchewan, James Johnson, alimnyang'anya mipira mitatu, ule wa tatu ukafunga hesabu. 23 kwa 19. Pointi nne tu.

Tuliangalia kwa yule mzee wa Kifilipino, nyumba imejaa, kuna wali na nyama ya nguruwe na mimi nimebeba sambusa zangu. Mechi ilipoisha kamera ikaenda kwa Stegall na mzee akasimama, akaenda kuosha sahani ambazo hazikuwa chafu.

Watu wa nyumbani wakisikia hivi wananiambia basi huyo si bingwa. Mimi nasema kombe wanachukua watu wengi, hata anayekaa benchi msimu mzima anapata pete yake ya ubingwa. Mkono wa Glenn ulivunjika wiki ile na Stegall hakuwa na la kufanya. Alichokuwa nacho yeye ni kukimbia njia yake sawasawa na kudaka kilichomfikia, na hicho alikifanya miaka 14. Sijaona Winnipeg mtu anayemtaja kwa kumdharau. Wanamtaja kama familia inavyomtaja kaka mkubwa aliyesomesha wadogo zake wote.

Kwanini alirudi 2008 badala ya kupumzika?

Alikuwa amebakiza kidogo kwenye rekodi ya yadi ya Allen Pitts wa Calgary, 14,891. Akarudi ana miaka 38, akaipita, akamalizia na hizo 15,153. Msimu wenyewe haukuwa mzuri kwa timu. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza kumuona kwa macho nikiwa uwanjani, kiti cha bei rahisi huko juu upepo unakata masikio, na nilichokumbuka ni jinsi anavyodaka bila sauti. Wengine mpira unawagonga kifuani unasikia. Yeye vidole tu.

Bado anashikilia hizo rekodi?

Yadi hapana. Geroy Simon alimpita 2012 na akastaafu na 16,352. Simon naye alianzia Winnipeg, akacheza na Stegall kabla hajaenda BC Lions, kwahiyo imebaki ndani ya nyumba kwa namna fulani. Tachidauni 147, hiyo bado yake.

Kuna Waafrika kwenye hiyo ligi?

Wapo, na wengi ni watoto waliokulia Kanada. Wa kumjua kwanza ni Henoc Muamba, kazaliwa Kinshasa, kakulia Ontario. 2011 Winnipeg ndo walimchagua wa kwanza kabisa kwenye usajili wa vijana. Yeye alikuwa beki wa kati, kazi yake ilikuwa kuwaangusha kina Stegall. 2022 akiwa na Toronto alichukua Grey Cup na akawa mchezaji bora wa fainali, na waliofungwa siku hiyo ni Winnipeg, 24 kwa 23. Shemeji zangu Wakongo walinipigia simu usiku huohuo kunicheka, sikupokea.

Winnipeg walikuja kuchukua kombe baadaye?

Ndio, 2019 kule Calgary, waliwafunga Hamilton 33 kwa 12. Walikuwa hawajachukua tangu 1990, miaka 29, na misimu 14 ya Stegall yote imo humo katikati. Wakarudia 2021.

Siku hizi anafanya nini?

Mchambuzi wa CFL kwenye televisheni ya TSN. Anaongea kwa nguvu, anavaa suti nzuri, na mchezaji akiangusha mpira mwepesi hamwonei huruma.

Nikija Winnipeg nitaona nini kinachomhusu?

Uwanja aliochezea haupo tena, ulikuwa eneo la Polo Park na ukabomolewa timu ilipohamia uwanja mpya kwenye Chuo Kikuu cha Manitoba 2013. Uwanja mpya nenda, jina lake limo kwenye orodha ya heshima ya klabu. Ila mimi wageni wangu nawapeleka kwanza Polo Park, tunashuka kwenye basi, tunatembea kidogo mpaka kwenye kibao cha barabara kilichoandikwa Milt Stegall Drive. Ni barabara ya kawaida tu, magari ya watu wanaoenda kununua vitu. Kama ni Januari vaa glovu mbili, na simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwasababu baridi ya pale inaua betri kabla hujapiga picha.